Asilimia 2 ya mwalimu: Fedha, wanachama na malipo ya viongozi wa CWT

KATIKA hati ya mshahara ya mwalimu wa shule ya serikali Tanzania Bara, baada ya kodi ya mapato, mchango wa pensheni na bima ya afya, upo mstari mfupi ambao wengi wameuzoea kiasi cha kutousoma tena. Ni makato ya asilimia 2 ya mshahara yanayokwenda Chama cha Walimu Tanzania, CWT.

Kwa mwezi mmoja fedha hizo huonekana kidogo. Mwalimu mwenye mshahara wa Sh700,000 hukatwa Sh14,000, ambazo kwa mwaka ni Sh168,000. Akitumikia miaka 30, hata kama mshahara wake usingepanda kwa senti moja, atakuwa amekichangia chama Sh5,040,000. Tukichukua walimu 100,000 wenye mshahara huo huo kwa ajili ya hesabu tu, chama kingepokea Sh1.4 bilioni kwa mwezi na Sh16.8 bilioni kwa mwaka. Walimu wa shule za msingi na sekondari za serikali ni zaidi ya 200,000.

Hicho si chama kidogo. Ni taasisi yenye mapato ambayo kampuni nyingi za mjini zingeyatamani, nayo huyapata bila kutuma mkusanyaji hata mmoja mlangoni kwa mtu. Hata hivyo, ukimuuliza mwalimu wa kawaida fedha hizo hutumikaje, nani hulipwa kutokana nazo na kwa kiwango gani, mara nyingi utajibiwa kwa mzaha wa fulana na kofia za Mei Mosi.

Mzaha huo una uchungu ndani yake, na chanzo chake kinaanzia mbali.

Vyama vilivyozaliwa na dola

Shirikisho la kwanza kubwa la wafanyakazi nchini, TFL, liliundwa mwaka 1955 na likashiriki katika harakati za uhuru. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, serikali ililivunja na kuunda chama kimoja cha wafanyakazi wote, NUTA. Walimu nao, waliokuwa na chama chao, waliingizwa humo. Katibu Mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais wa nchi, na wa kwanza kushika nafasi hiyo, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huo huo Waziri mwenye dhamana ya kazi. Kwa maneno mengine, aliyepaswa kuidai serikali alikuwa sehemu ya serikali.

Baada ya CCM kuzaliwa mwaka 1977, NUTA ilipisha JUWATA, iliyokuwa moja ya jumuiya za chama tawala. Mwaka 1991 ikaja OTTU. Katika miaka yote hiyo, swali la kiongozi wa wafanyakazi kulipwa kiasi gani halikuwa la mwanachama kuuliza, kwa kuwa si mwanachama aliyemweka madarakani.

CWT iliundwa mwaka 1993, walimu walipotaka kusimama peke yao. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 1998 ndiyo iliyofungua rasmi mlango wa vyama huru vya kisekta, na mwaka 2001 vyama hivyo vikaunda shirikisho la TUCTA, ambamo CWT imekuwa mwanachama. Kwa upande wa Bara, sheria ya 1998 ilifutwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ndiyo msingi wa maelezo yaliyomo katika makala hii. Zanzibar ina sheria zake za kazi, na walimu wa huko wana chama chao, ZATU.

Nani mwanachama, nani mchangiaji tu

Kisheria, hakuna mwalimu anayelazimishwa kujiunga na chama. Mwajiri anaruhusiwa kukata ada ya chama iwapo tu mfanyakazi ameidhinisha kwa maandishi katika fomu maalumu, ambayo watumishi huijua kwa jina la TUF 6. Anayetaka kuacha hutoa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu unakuja na kile kinachoitwa ada ya uwakala. Sheria inakiruhusu chama chenye wanachama walio wengi mahali pa kazi kufunga makubaliano na mwajiri ili hata wasio wanachama wakatwe. Hoja yake ni kwamba chama kikipata nyongeza ya mshahara au kurekebisha muundo wa madaraja, manufaa huwafikia wote, hivyo si haki mmoja ale jasho la mwenzake. Ni hoja nzito, nayo hutumika katika nchi nyingi.

Lakini matokeo yake kwa mwalimu mmoja mmoja ni ya ajabu kidogo. Ada ya uwakala yaweza kuwa sawa na ada ya mwanachama au pungufu yake, ila isizidi. Inapowekwa sawa, mwalimu aliyejitoa kwa hasira anaweza kujikuta akikatwa kiasi kile kile kwa jina jingine, huku akiwa amepoteza haki ya kupiga kura, ya kugombea na ya kuhoji hesabu katika kikao. Anayebaki hulipa na kulalamika. Anayeondoka hulipa na kunyamaza.

Watunga sheria waliiona hatari hiyo, kwani waliifungia ada ya uwakala masharti ambayo walimu wengi hawayajui. Fedha hizo hazipaswi kuchanganywa na ada za wanachama, bali huwekwa katika akaunti ya peke yake. Zinaweza kutumika tu kuendeleza au kutetea maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi wa mahali hapo pa kazi. Haziruhusiwi kwenda kwa chama cha siasa wala kwa mgombea wa nafasi ya kisiasa. Asiye mwanachama anayekatwa ana kila sababu ya kuuliza akaunti hiyo iko benki gani na ina nini ndani yake.

Aidha, uwakala husimama juu ya wingi. Chama kikishindwa kuonyesha kwamba walio wengi ni wanachama wake wa hiari, msingi wa kuwakata wengine unaondoka. Ndiyo maana idadi ya wanachama ni suala la fedha kabla halijawa suala la heshima. Watu 20 tu wanatosha kisheria kuanzisha chama cha wafanyakazi, na katika miaka ya karibuni vimejitokeza vyama vingine vya walimu vikinadi ada nafuu. Kuanzisha ni rahisi. Kupata wingi dhidi ya chama chenye ofisi wilayani na jina lililokwisha kukaa katika mfumo wa mishahara ni kazi nyingine kabisa.

Ipo pia hoja ya ada ya kiwango kimoja badala ya asilimia. Wanaoitaka husema huduma ya chama kwa mwalimu mwenye mshahara mkubwa haizidi ile anayopewa mwenye mshahara mdogo. Wanaoipinga hujibu kwamba asilimia humlinda mwalimu mpya, na kwamba chama chenye ada isiyopanda kitamezwa na mfumuko wa bei. Jambo moja husahaulika katika mjadala huo: kwa mfumo wa asilimia, kila nyongeza ya mshahara ni nyongeza ya mapato ya chama. Serikali ikipandisha mishahara kwa asilimia 10, mapato ya ada nayo hupanda kwa asilimia 10 bila mkutano wowote kuketi.

Mkono wa mwajiri

Mwajiri akishakata ada, sheria inamtaka aiwasilishe kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, pamoja na orodha ya waliokatwa. Akichelewa bila sababu ya msingi, anawajibika kulipa asilimia 5 ya kiasi kinachodaiwa kwa kila siku ya ucheleweshaji. Adhabu hiyo ni kali kwa makusudi, kwa kuwa mwajiri anayetaka kukiua chama hahitaji kukifuta, anahitaji tu kukikalia fedha zake.

Kwa walimu, mwajiri huyo ni serikali. Ndiyo inayokusanya fedha za chama, na ndiyo inayokaa upande wa pili wa meza chama kinapodai. Mwaka 2012 CWT iliitisha mgomo ulioanza Julai 30, ikidai pamoja na mambo mengine nyongeza ya mshahara ya asilimia 100 na posho za kufundishia. Siku chache baadaye, Agosti 2, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi iliamua kwamba mgomo huo haukuwa halali, na chama kikalazimika kuwarudisha walimu madarasani.

Jinsi mkono wa mwajiri unavyoweza kubana ilionekana waziwazi kwa jirani zetu. Chama cha walimu cha Kenya, KNUT, kilichoanzishwa mwaka 1957, kilikuwa na wanachama zaidi ya 180,000 katikati ya mwaka 2019. Kilikuwa katika mvutano mkali na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, kuhusu miongozo ya kupandisha vyeo. Julai mwaka huo mahakama ilitoa uamuzi ambao KNUT iliuona kuwa ushindi. TSC ikautafsiri kwa namna yake: wanachama wa KNUT wakarudishwa katika utaratibu wa zamani wa vyeo, na nyongeza zilizokuwa zikiendelea chini ya mkataba wa 2017 hadi 2021 zikawapita.

Walimu walifanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya. Wakajitoa kwa makumi ya maelfu, wengine wakahamia chama cha KUPPET. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2021 KNUT ilikuwa na wanachama wasiofika 30,000, na matawi yake yalihangaika kulipa watumishi na kodi za ofisi. Katibu Mkuu Wilson Sossion, ambaye tangu 2017 alikuwa pia mbunge wa kuteuliwa, alijiuzulu Juni 2021. Mrithi wake, Collins Oyuu, alianza kwa kupatana na TSC.

Kisa hicho husomwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema kinaonyesha mwajiri akikinyonga chama kilichokataa kupiga magoti. Wapo wanaosema uongozi uliendesha vita ambayo wanachama ndio walioilipia. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba yote mawili yaweza kuwa kweli, na kwamba kinachomhusu mwalimu wa Tanzania ni cha tatu: KNUT ilianguka kwa haraka namna ile kwa sababu karibu fedha zake zote zilipitia bomba moja.

CWT kwa upande wake imejaribu kuwa na vyanzo vingine. Kupitia kampuni yake ya maendeleo ya walimu, TDCL, inahusishwa na jengo la Mwalimu House lililoko Ilala, Dar es Salaam. Ndiyo pia iliyokuwa chimbuko la Mwalimu Commercial Bank, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2015 kwa Sh500 kila moja na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka huo huo. Hapa kuna ushauri wa bure kwa msomaji wa hesabu: jengo na hisa ni mali ya chama, lakini faida yake hupimwa kwa kodi ya pango na gawio vinavyoingia, si kwa urefu wa ghorofa. Kampuni tanzu huwa na vitabu vyake, hivyo anayetaka picha kamili hana budi kuuliza vyote viwili. Kwa benki kazi ni rahisi zaidi, kwani kampuni iliyoorodheshwa sokoni hulazimika kutangaza hesabu zake hadharani.

Malipo ya viongozi

Hapa ndipo penye ukungu mzito. Katika vyama vya wafanyakazi nchini kuna watu wa aina mbili. Wapo wanaochaguliwa huku wakiendelea na ajira zao, kama vile viongozi wa tawi shuleni, ambao kwa kawaida hupata posho ya kikao na nauli. Wapo pia wanaofanya kazi ya chama muda wote, kuanzia makatibu hadi watumishi wa makao makuu, ambao hulipwa na chama. Wanaoamua viwango vyao ni vikao vya chama chenyewe kwa mujibu wa katiba yake na kanuni za fedha.

Anayeuliza mshahara wa kiongozi peke yake huuliza robo ya swali. Mshahara ni sehemu moja tu. Nyingine ni posho za vikao, posho za kujikimu safarini, nyumba au posho yake, gari, dereva na mafuta, matibabu, simu, na kiinua mgongo mwisho wa muhula. Kiongozi anaweza kuwa na mshahara wa kawaida kabisa na bado akagharimu mara kadhaa ya kiasi hicho. Katika taarifa za hesabu gharama hizo hutawanyika: baadhi hukaa chini ya mishahara, nyingine chini ya mikutano, nyingine chini ya usafiri au utawala. Mstari mmoja wa kuufuatilia ni ule wa mikutano na safari, kwani huko ndiko posho hujificha.

Sheria yetu inataka katiba ya chama ieleze ada ni kiasi gani, fedha zitawekwaje benki, zitatumika kwa madhumuni gani, na viongozi watachaguliwa na kuondolewa vipi. Haijaweka sharti la kutangaza kwa umma malipo ya kiongozi mmoja mmoja kwa jina.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1959 inavitaka vyama kuwasilisha taarifa ya fedha kila mwaka katika Idara ya Kazi. Chama chenye mapato ya dola 250,000 au zaidi kwa mwaka hujaza fomu ndefu inayotaja malipo ya kila kiongozi kwa jina, pamoja na ya watumishi wanaopata zaidi ya dola 10,000, na mtu yeyote anaweza kuisoma kwenye mtandao. Mwosha vyombo wa hoteli ya Chicago anaweza kujua katibu wa tawi lake alilipwa dola ngapi mwaka jana. Hilo halikuzuia wizi wote: marais wawili wa zamani wa chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, Gary Jones na Dennis Williams, walikiri makosa mwaka 2020 na kufungwa kwa kushiriki kutumia fedha za wanachama kwa anasa. Fomu ilikuwapo, na gharama hizo zilifichwa ndani ya gharama za mikutano.

Hata hivyo, mwalimu wa Tanzania si mikono mitupu. Sheria ya 2004, katika kifungu cha 51 kwa mpangilio wake ilipotungwa, inakitaka kila chama kutunza vitabu vya mapato, matumizi, mali na madeni. Kuandaa taarifa za fedha za kila mwaka. Na kuzikaguza kwa mkaguzi wa hesabu aliyesajiliwa. Taarifa hizo pamoja na ripoti ya mkaguzi hupelekwa kwenye mkutano wa wanachama au wawakilishi wao, na kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri. Kisha, na hili ndilo lisilojulikana sana, chama kinatakiwa kuziweka katika ofisi zake ili wanachama wazikague.

Sheria haikusema wajumbe wazikague, wala viongozi wa mkoa. Imesema wanachama. Mwalimu mwenye hati ya mshahara inayoonyesha makato anaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja, akataja mwaka wa hesabu anaotaka kuuona, akaiwasilisha ofisini na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ni vyema aombe taarifa za miaka mitatu mfululizo, kwa kuwa mwaka mmoja hauonyeshi mwelekeo. Atazame kwanza jumla ya ada na alinganishe na idadi ya wanachama inayotajwa majukwaani. Namba hizo mbili zisipokubaliana, ana swali la kwanza. Atazame kama ada ya uwakala imetengwa. Atazame gharama za utawala zinachukua sehemu gani ya mapato, na kesi za wanachama, mafunzo na majadiliano zinachukua sehemu gani. Mwisho asome maoni ya mkaguzi, hususan pale anapoandika kwamba hakupata vielelezo vya kutosha.

Akinyimwa, hatua inayofuata ni kumwandikia Msajili. Pale chama kinapokiuka katiba yake, sheria inamruhusu Msajili, au mwanachama mwenyewe, kupeleka maombi Mahakama ya Kazi, ambayo inaweza kukiamuru kitekeleze. Maombi hayo hayahitaji mwanachama awe na cheo chochote ndani ya chama.

Mwaka wa hesabu wa chama hufungwa Desemba 31. Taarifa zilizokaguliwa zinapaswa kuwa zimewasilishwa ifikapo Machi 31 ya mwaka unaofuata.